Radhi Ambayo Haikuombwa

Tangu Jumapili Mwikali alikuwa hagusi chakula. Alipika, akapakua, akakaa mbele ya sahani, na kabla hajamega tonge la kwanza mawazo yalikwisha kumchukua hadi kwenye kitabu cha matangazo ya ndoa cha kanisa lao pale Malindi. Jina la binti yake Easter lilikuwa mle, na mbele yake nafasi tatu. Mbili zilikwisha kutiwa alama. Ya tatu ilikuwa tupu, na leo ilikuwa Alhamisi.

Katika kanisa lile ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye pingamizi alitoe. Na kabla ya tangazo la tatu lazima ifike barua ya ushuhuda kutoka kanisa la bwana harusi, kuthibitisha kwamba ni mtu mwema na hana mke mahali pengine. Bwana harusi, Karisa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Tezo. Barua yake ilipaswa kuandikwa na baba yake mdogo, Mwinjilisti Dzombo, mlezi wa kanisa la Tezo, na kupokewa na Mchungaji Kioko wa Malindi. Kazi ya karatasi moja na wino kidogo. Lakini Dzombo na Kioko walikuwa wamenuniana wiki ya saba hiyo, na barua haikuonekana.

Isipofika, tangazo la tatu halisomwi. Lisiposomwa, yale mawili yamekufa, unaanza upya. Na wiki mbili mbele Majilio yangeingia, kipindi ambacho kanisa lile halifungishi ndoa yoyote mpaka mwaka mpya wa themanini na saba. Wengine wangengoja. Easter hakuweza kungoja. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu na nusu, na waliojua walikuwa watatu tu: yeye, Karisa na mama yake.

Wa nne, Mwikali alihofia, ni Kaltuma, jirani yao, fundi wa kushona, mwenyeji wa Malindi tangu enzi za mababu. Asubuhi ile Kaltuma alikuja na gauni jeupe mkononi.

"Hodi, Mama Easter. Gauni la mwari hili. Kiunoni nimeliachia mkunjo, vidole vinne."

"Kwani linambana?"

"Mie sijasema linambana, mamangu. Nimesema apate kupumua." Akalitandika gauni juu ya kiti, akalinyoosha kwa kiganja. "Na mambo ya watu mie siyajui, wala siyaulizi."

Alipoondoka, Mwikali alikaa akaliangalia lile gauni, akaupima ule mkunjo kwa vidole vyake, akazidi kuogopa.

Maana yeye hakuwa mama wa hivi hivi. Alikuwa mjane aliyekuja pwani kutoka Machakos, akauza vitenge, akasomesha, na kwa miaka kumi alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Alisifiwa kwa kusema kweli mchana kweupe. Mwaka juzi ndiye aliyesimama mbele ya watu wote kueleza kwamba Nyakio, mwenzake katika chama hicho cha akina mama, alikuwa amemficha bintiye mwenye mimba. Nyakio alitengwa, akapelekwa benchi la nyuma, asikaribie Meza ya Bwana. Watu walimpa Mwikali mkono siku ile, wakamwambia amefanya kazi ya Mungu, naye aliona kweli ameifanya.

Mkono wa kwanza uliompongeza ulikuwa wa Mchungaji Kioko, na wa pili wa Mwinjilisti Dzombo. Hao ndio watu aliowapima wengine wote kwao. Dzombo alikuwa amefunga siku tatu bila kula wakati Mwikali alipolazwa na homa ya matumbo, akamwombea mpaka akainuka. Kioko alimfundisha kusoma Biblia akiwa mtu mzima, mstari kwa mstari, bila kumcheka hata siku moja. Mtu akiwasema vibaya mbele yake, hakurudi tena nyumbani kwake kunywa chai.

Na sasa tazama walichogombania! Huko Tezo kanisa jipya la mawe lilikuwa limejengwa. Kwa miaka mitatu Dzombo aliyasomba mawe yake machimboni, mengine kwa baiskeli, mzee wa miaka sitini. Siku ya kulifungua likaletwa jiwe zuri la ukumbusho, limechongwa herufi za kupendeza, na jina juu yake ni moja tu, la Mchungaji Kioko. Dzombo hakusema kitu. Alicheka na wageni, akala pilau, akawasindikiza. Wiki iliyofuata watu wa Tezo walikuta jiwe limepigwa plasta ya saruji, jina halionekani. Kioko alipopata habari akamfuta Dzombo katika ratiba ya wahubiri wa wilaya nzima. Watumishi wawili wa Mungu, wenye mvi, hawasemezani kwa sababu ya jiwe.

Mwikali akajifunga leso, akapanda basi, akaenda Tezo.

Alimkuta Dzombo uani kwake, anapukuchua mahindi.

"Bwana asifiwe, Mwinjilisti."

"Asifiwe sana, mwanangu. Karibu kitako."

Mwikali alikaa, akaeleza haja yake. Dzombo aliendelea kupukuchua. Alipomaliza gunzi moja akalitupa, akashika jingine.

"Barua niiandikie nani? Mtu asiyelijua jina langu?"

"Karisa ni mtoto wa kaka yako, Mwinjilisti. Humwadhibu Mchungaji, unamwadhibu mtoto wako."

"Karisa ni damu yangu, naye Kioko ajua. Basi na aje. Aje asimame mbele ya lile jiwe lake, aniombe radhi. Siku hiyo barua nitaandika hata kumi."

"Tangazo ni Jumapili, mtondo tu!"

"Basi afanye haraka."

Mwikali alilia. Alilia machozi ya kweli, akamshika yule mzee miguu, akamkumbusha siku zile tatu za kufunga. Dzombo aliangalia pembeni, kuelekea kwenye mihogo yake. Alikuwa na uso wa mtoto aliyenyimwa kitu, uso ambao Mwikali hakuwahi kumwona nao, na woga wake ukazidi kwa sababu hakujua namna ya kuzungumza na mtu mwenye uso ule. Akafuta machozi. Kisha akasikia kinywa chake kinasema:

"Amekuomba radhi."

Mikono ya Dzombo ikasimama. "Nani?"

"Mchungaji. Ndiyo maana amenituma. Amesema amekukosea. Anaona haya kuja mwenyewe."

Alingoja aulizwe: lini, alisemaje, mbele ya nani? Uongo wenyewe haukuwa umetimiza hata dakika moja. Swali la pili lingeuangusha. Lakini Dzombo hakuuliza. Uso ulimkunjuka, macho yakamlengalenga.

"Nilijua," alisema. "Nilijua Roho atamshinda tu." Akaingia ndani kutafuta kalamu.

Ijumaa asubuhi Mwikali alikuwa ofisini kwa Mchungaji Kioko, bahasha mkononi. Kioko aliisoma barua mara mbili, akaigeuza nyuma, akaiweka mezani.

"Mama Easter, barua ni nzuri. Lakini sioni mahali aliposema kwamba amekosa. Mtu aliyelichafua jiwe la nyumba ya Mungu na hajatubu, atamshuhudiaje mwingine? Siwezi kuipokea."

Mwikali aliiona Jumapili inaponyoka. Ikiwa umekwisha kuingia majini mpaka shingoni, hatua moja zaidi haionekani kubwa.

"Ametubu, Mchungaji. Kwa mdomo, mbele yangu. Ameomba umsamehe. Kuandika ndiko alikoona aibu."

Kioko alijiegemeza kitini, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. "Nilijua," alisema. "Mimi nilijua hawezi kukaa na jambo lile moyoni." Akachukua penseli, akaandika kitu kitabuni. Mwikali nusura apige kigelegele.

"Sasa," Kioko akaendelea, "jambo jema kama hili halifai kukaa gizani. Nitampelekea habari leo hii aje Jumapili, tuliweke nuruni mbele ya ndugu wote."

Hapo ndipo Mwikali alipokumbuka. Ndugu wa uamsho, yaani walokole, wana desturi yao: waliokoseana wakisameheana, hawajamaliza mpaka wasimame kanisani, kila mmoja atoe ushuhuda kwa kinywa chake, watu waseme Amina. Kuliweka jambo nuruni, ndivyo wanavyoita. Mwikali mwenyewe alikuwa amewafundisha akina mama desturi hiyo kwa miaka kumi, tena kwa ukali. Na pale uani kwa Dzombo haikumpitia kichwani hata kidogo.

Jumamosi alifika kituo cha basi mara mbili ili aende Tezo kumwahi Dzombo, na mara mbili akarudi. Angemwambia nini? Nimekudanganya, lakini barua usiitengue? Nyumbani aliunguza wali, akamkemea Easter bila sababu, akaomba msamaha, akamkemea tena. Alitamani Dzombo apatwe na homa, homa ndogo tu ya siku moja, kisha akaogopa kwamba amemwombea mabaya mtu aliyemwombea uzima.

Easter alikuwa akimtazama. "Mama, kwa nini tusiwaambie tu kilichopo?"

"Tuwaambie nini?"

"Kwamba nina mimba. Nimechoka kujifunga kanga tumboni. Hao ni watu tu, mama."

"Si watu tu!" Mwikali alipaza sauti, na hakuelewa kwa nini maneno yale yalimuuma kuliko mengine yote.

Jumapili kanisa lilijaa. Dzombo alikuwa amekaa benchi la mbele, koti lake jeusi limepigwa pasi, kichwa juu. Kioko alipanda madhabahuni naye kichwa juu. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa ule upole ambao mtu humwonyesha aliyeshindwa. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Nyakio alikuwa amekaa peke yake kama kawaida. Mwikali alijaribu kusali akashindwa.

"Kabla ya matangazo," alisema Kioko, "ndugu yetu Mwinjilisti Dzombo ana ushuhuda."

Dzombo akasimama. "Bwana asifiwe! Ndugu, mtu mkubwa kujishusha si jambo dogo. Leo namshukuru Mungu kwa ajili ya Mchungaji wetu. Ameniomba radhi, nami mbele yenu nasema nimemsamehe."

"Amina!" kanisa likaitikia.

Tabasamu la Kioko lilikwama. "Mwinjilisti, nadhani ulimi umeteleza. Uliyeomba radhi ni wewe. Nami nimekusamehe."

"Mimi? Kwa kosa gani?"

"La jiwe."

"Jiwe lipi? Lile ulilojiandikia jina kama kwamba mawe yalikwenda Tezo yakitembea?"

"Tafadhali, tuko mbele za Mungu."

"Ulipokuja hapa na sanduku moja la bati, nani alikupokea? Nani alikupa kitanda?"

"Na mimi nilipokukuta huwezi kuandika hata ripoti ya mwezi, nani alikuandikia?"

Mama mmoja wa kwaya alianzisha wimbo ili kuwafunika. Hakuna aliyemfuata, akanyamaza katikati ya ubeti. Wale wazee wawili walikuwa wamesimama hatua mbili tu, mishipa imewatoka shingoni, na watoto waliokaa mbele walikuwa wameacha midomo wazi.

"Nani amekwambia kwamba nimekuomba radhi?" Kioko alifoka.

"Na wewe nani amekwambia?"

"Mama Easter!" walisema wote wawili, kwa pamoja, na wakamnyooshea kidole. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana kwa wiki saba.

Mwikali alisimama. Akashika mgongo wa benchi la mbele yake.

"Hakuna aliyeomba radhi," alisema. "Niliwadanganya. Wote wawili."

"Kwa nini?" aliuliza Kioko.

Siri haikuwa ya Mwikali peke yake. Alipogeuka kumtazama binti yake, Easter alikuwa amekwisha kusimama.

"Kwa ajili yangu," alisema Easter. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilifika. "Nina mimba. Harusi ikiahirishwa itaonekana. Mama alitaka barua."

Kanisa likavuta pumzi. Dzombo akatikisa kichwa polepole. "Mwanangu Mwikali! Badala ya uongo wote huu, si ungetuambia kweli tu?"

Ndipo hasira ikampanda, hasira aliyokuwa hajui kama anayo.

"Nilikuja kwako na machozi ya kweli, Mwinjilisti, ukatazama mihogo. Nilipokuletea uongo uliupokea kwa mikono miwili! Na wewe Mchungaji vilevile. Niliogopa mtaniuliza swali la pili. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alisema, nilijua. Mlijua nini? Mlijua kwamba mkosaji ni yule mwingine!"

Waliinamisha macho wote wawili, na watu walianza kunong'ona kwamba Mama Easter amesema kweli. Mwikali aliusikia ule mnong'ono na kuonja utamu wake. Aliutambua. Ulikuwa utamu ule ule wa mwaka juzi, siku aliposimama mahali pale pale na kusema habari za Nyakio, na watu wakampa mkono. Aibu ikamshika ghafla.

Alipoendelea, sauti ilikuwa imeshuka.

"Na mimi nilijua," alisema. "Nilisimama hapa nikamsema mwenzangu Nyakio, nikijua. Sikwenda kwake kwanza hata mara moja. Nikatoa amri hata sufuria za harusi za kanisa hili, alizokuwa akipikia wali, asiziguse. Yeye alimficha mtoto wake, nami nimemficha wangu, tena kwa uongo mara mbili. Basi." Akabaki amesimama kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa kukaa.

Kioko alishuka, akaketi kwenye ngazi ya madhabahu. Bila kile kimo cha juu alionekana mzee.

"Fundi aliniuliza," alisema, akitazama mikono yake. "Aliniuliza kama jina la Dzombo nalo lichongwe. Nikamwambia nafasi haitoshi." Akamgeukia Dzombo. "Nafasi ilikuwepo."

Dzombo alitoa leso, akafuta uso wote. "Saruji niliyoipiga ilikuwa ya kanisa," alisema. "Na nilipokuwa naipiga nilikuwa naimba."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Hawakukumbatiana. Hawakuwa wamefika huko. Dzombo alikwenda akaketi ngazi ile ile, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao, na wakaanza kushauriana kwa sauti ya chini. Kioko alisema harusi iwepo lakini bila shela, ndiyo sheria kwa bibi harusi mwenye mimba. Dzombo akasema sheria ya shela haimo katika Biblia. Wakabishana kidogo juu ya hilo. Kisha Kioko akainuka, akafungua kitabu cha matangazo.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho," alisoma, "natangaza ndoa kati ya Karisa wa Tezo na Easter wa Malindi. Bila shela. Kama yuko mwenye pingamizi lolote, na asimame sasa."

Ule ndio wakati ambao Mwikali alikuwa ameuogopa wiki nzima, na sasa aliuogopa zaidi, kwa sababu sababu ya kupinga ilikuwepo na yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa. Alitazama sakafu. Akasikia benchi la nyuma linalia.

Hakuhitaji kugeuka ili ajue ni nani. Watu wote waligeuka. Nyakio alikuwa amesimama, mikono imeshika mkoba kifuani, macho makavu. Miaka miwili hakuwa ametoa sauti katika kanisa lile isipokuwa kwa kuimba. Mwikali akajiambia, na aseme. Chochote atakachosema ni haki yake.

"Pingamizi sina, Mchungaji," alisema Nyakio. "Nilitaka kumuuliza Mama Easter. Hiyo Jumamosi ya harusi, mpishi wa wali mmeshapata?"

Mwikali aligeuka, akamtazama yule mwanamke. Machozi yalimshuka mbele ya watu wote bila kuyafuta, na ilibidi Easter amjibu Nyakio kwa niaba yake kwamba bado, mama, hatujapata.